Majivu haya ni ya nani?

Fomu huja saa ambayo hakuna mtu anayeweza kusoma.

Mbwa amelala juu ya blanketi lake. Sindano ya kumlaza milele imeshafanya kazi. Kwenye mguu wa mbele bado kuna sehemu iliyonyolewa daktari alipokuwa akitafuta mshipa. Nesi wa kliniki anaingia taratibu, anaweka karatasi moja kando ya boksi la tishu, na kalamu juu yake. Kuna visanduku viwili vya kuweka alama: achomwe pamoja na wengine, majivu hayarudi, au achomwe peke yake, majivu yarudi. Mwenye mbwa anaweka tiki kwenye cha pili, anasaini, anatolewa kwa mlango wa nyuma ili asipite mbele ya watu wanaosubiri na paka wao.

Wiki moja au mbili baadaye simu inalia. Majivu yamefika, njoo uchukue.

Atajuaje kwamba ni ya mbwa wake?

Swali hilo limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa sasa. Hapa nazungumzia zaidi Uingereza, ambako Waswahili wengi wanaishi kwenye fleti zisizo na hata shubiri moja ya udongo wa kumzikia mnyama, na ambako kliniki nyingi zina mkataba na kampuni fulani ya kuchoma wanyama. Ila maswali yenyewe yanafaa popote penye tanuri.

Miaka, si siku

Mwezi Aprili 2025, mwanasheria mkuu wa jimbo la Pennsylvania nchini Marekani alitangaza mashtaka dhidi ya mmiliki wa nyumba ya mazishi ya eneo la Pittsburgh, ambaye pia alikuwa akichukua wanyama wa watu kwa ajili ya kuwachoma. Anadaiwa kuwapeleka wanyama dampo na kuwakabidhi wenye wanyama majivu ya wanyama wengine, kati ya 2021 na 2024. Waathirika waliotajwa ni zaidi ya 6,500. Hatia ni kazi ya mahakama kuamua. Kinachoninyima raha mimi ni urefu wa muda. Kama madai hayo ni ya kweli, maelfu ya watu walishika visanduku mikononi, wakavibusu, wakaviweka juu ya kabati, na macho yao hayakuona tofauti yoyote.

Wala halikuwa jambo jipya. Februari 2002, huko Noble, jimbo la Georgia, ilikutwa miili ya binadamu zaidi ya 300 ambayo ilikuwa imepelekwa kuchomwa na haikuchomwa. Baadhi ya familia zilikuwa zimepewa vumbi la saruji. Hao walikuwa watu, wenye vyeti vya kifo na nyumba za mazishi zilizowapeleka. Kwa paka wa kilo 4, nani atashtuka?

Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kuyapima majivu yenyewe.

Majivu hayana jina

Tanuri la wanyama hufanya kazi kwenye nyuzijoto 850 au zaidi. DNA haivumilii joto hilo. Kinachobaki ni madini ya mfupa, kalsiamu na fosfeti kwa sehemu kubwa, na madini hayo hayamjui mwenyewe. Mfupa wa mbwa wako na wa mbwa wa jirani vikishasagwa, hakuna maabara ya kawaida itakayokuambia upi ni upi.

Yapo mambo machache ambayo majivu yanaweza kusema. La kwanza ni ujazo. Wauza vyombo vya majivu hupimia inchi moja ya ujazo kwa kila ratili moja ya uzito wa mnyama, ambayo ni kama mililita 36 kwa kilo. Mbwa wa kilo 30 atatoa lita moja na kidogo. Paka wa kilo 4 atatoa kama mililita 145, yaani kikombe cha chai kisichojaa. Kumbuka tu kwamba mafuta hayaachi majivu. Mifupa ndiyo inayoacha. Mbwa aliyenenepa kupita kiasi hesabu uzito aliopaswa kuwa nao, si ule wa mizani ya kliniki.

La pili ni umbile. Majivu ya mfupa ni meupe au ya kijivu, yanakwaruza kidogo kama mchanga laini. Weusi mwingi maana yake moto haukumaliza kazi. Saruji ikiloweshwa usiku mmoja inashika na kuwa jiwe. Majivu ya mfupa yakiloweshwa yanabaki tope.

Hapo niliridhika kwa siku mbili hivi, kisha nikaona kosa langu. Vipimo hivi vinamkamata tapeli mvivu tu. Mtu mwenye mizani na ndoo ya majivu ya wale waliochomwa pamoja anaweza kukupimia mililita 145 kamili, nyeupe, za mfupa halisi wa paka. Zitafaulu kila jaribio la mezani.

Kwa hiyo uchunguzi wote wa maana hufanyika kabla ya moto.

Neno "peke yake"

Katika kazi hii kuna namna tatu za kuchoma, na vipeperushi vingi hutaja mbili.

Ya kwanza: mnyama mmoja ndani ya chumba cha moto, mlango unafungwa, anachomwa, majivu yanakokotwa yote kabla mwingine hajaingia. Ya tatu ni ya pamoja, wanyama wengi kwa mara moja, na majivu hayarudi kwa mtu. Katikati ipo ya pili, ambayo Wamarekani wa fani hii wameipa jina lake kabisa ili isichanganywe na ya kwanza: wanyama kadhaa ndani ya chumba kimoja, kila mmoja kwenye trei yake au ametengwa na mwenzake kwa safu ya matofali, na kila mmoja anakusanyiwa ya kwake. Ndani ya chumba kile kuna upepo wa kichomeo. Chembe zinaruka. Kuchanganyika kidogo hakukwepeki.

Sioni dhambi katika hii ya pili, ikiwa imeitwa kwa jina lake na kutozwa bei yake. Dhambi ni kuiuza kama ya kwanza. Na maneno kama "binafsi", "maalumu" au "ya mmoja mmoja" kwenye kipeperushi hayakulindi, kwa sababu kila kampuni inayatumia inavyotaka.

Basi usiulize, "Huduma yenu ni ya binafsi?" Utajibiwa ndiyo. Uliza hivi:

"Mlango wa tanuri ukifungwa na wangu akiwa ndani, kuna wanyama wangapi humo?"

Jibu ni namba. Mmoja. Jibu linaloanza na "inategemea", au "wanatenganishwa vizuri", ni la namna ya pili. Kisha ongeza la pili: "Majivu yanayorudi ni yote, au ni sehemu?" Uingereza kuna chama cha hiari cha wenye makaburi na matanuri ya wanyama, APPCC, kilichoanzishwa 1993, na kanuni zake zinataka yote mawili: achomwe peke yake, na kinachokusanyika kirudi chote. Kampuni ikiwa mwanachama, angalia jina lake kwenye orodha ya chama chenyewe, usitosheke na nembo iliyobandikwa kwenye tovuti yake.

Mchomaji mkweli atakuambia pia jambo usilotaka kusikia: sakafu ya tanuri ni matofali, matofali yana nyufa, na reki ya chuma haifiki kwenye kila ufa. Chembe kidogo hubaki. Mimi humwamini zaidi anayesema hivyo kuliko anayeapa kwamba haibaki hata moja.

Hesabu ya tanuri

Hili ndilo swali ambalo wateja hawaulizi, na kwa maoni yangu lina nguvu kuliko mengine yote: mna vyumba vingapi vya moto, na kwa siku mnachoma peke yao wanyama wangapi?

Paka huchukua kama dakika 40 hadi saa moja. Mbwa mkubwa huchukua saa mbili au zaidi. Baada ya moto kuna kusubiri mifupa ipoe, kuikokota, kuondoa chuma kwa sumaku (vyuma vya goti au nyonga ambavyo sumaku haivivuti hutolewa kwa mkono), kisha kuisaga kwenye mashine mpaka iwe unga. Chumba kimoja kikifanya kazi saa nane, wanyama watano hadi wanane ni siku nzuri.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya biashara. Kampuni yenye vyumba viwili inayokuambia inahudumia kliniki 80 na kuchoma 50 peke yao kila siku, hiyo haiwezekani hata ikikesha. Huhitaji kumwita mtu mwongo. Rudia tu swali la milango na wanyama wangapi ndani, mara hii polepole.

Safari ya mwili

Nilianza nikidhani hatari kubwa ni tapeli. Sasa nadhani hatari kubwa ni lebo iliyobanduka.

Fuata mwili. Kutoka kwenye meza unaingizwa kwenye mfuko, mfuko unakwenda kwenye friza ya kliniki. Katika friza hiyo kuna mifuko mingine ya rangi ileile. Dereva wa kampuni anapita kwa ratiba, mara nyingi mara moja au mbili kwa wiki, anapakia ya kliniki kadhaa katika gari moja. Huko mwisho mifuko inahamia kwenye chumba cha baridi, halafu zamu, halafu moto, halafu trei ya kupozea, halafu mashine ya kusaga, halafu mfuko mdogo, halafu kisanduku. Mikono inabadilika mara sita au saba. Lebo ya karatasi iliyobandikwa kwenye plastiki yenye barafu haishiki. Inadondoka chini ya friza na kubaki pale. Paka wawili weusi wa kliniki moja, wiki moja, hilo si jambo la ajabu. Na tiki iliyonakiliwa vibaya kutoka fomu ya kliniki kwenda daftari la dereva, "pamoja" badala ya "peke yake", hairekebishiki. Hakuna mtu anayeweza kulitoa jivu moja kutoka kwenye rundo.

Dawa yake ni namba inayotembea na mwili kila hatua. Kabla hujaondoka kliniki, omba lebo mbili za kufungwa kwa kamba, si za kubandika: moja mguuni, moja nje ya mfuko. Ziandikwe jina la mnyama, jina lako la ukoo, namba ya chipu (kile kidonge kidogo chenye namba kinachopandikizwa chini ya ngozi ya mnyama), na neno "peke yake" kwa herufi kubwa. Zipige picha kwa simu. Nesi mzuri hatakasirika. Wengi watafurahi kwamba kuna mtu amejali.

Chipu ndiyo zawadi ambayo watu wanaisahau. Mbwa England wanatakiwa kuwa na chipu tangu Aprili 2016, na paka tangu Juni 2024. Namba yake ina tarakimu 15, na kifo hakiizimi. Mashine inaisoma kama kawaida mpaka mwili uingie motoni, ambako kile kidonge cha kioo hakivumilii. Uliza kama kampuni inaisoma chipu mwili unapopokelewa, na tena mbele ya mlango wa tanuri, na kama tarakimu hizo 15 zinaandikwa kwenye cheti. Cheti chenye jina la mnyama tu ni kadi ya pole. Chenye namba ya chipu, tarehe na saa ya kuchomwa ni rekodi ya kazi.

Kwa mnyama asiye na chipu kuna kisahani cha chuma chenye namba. Kinaingia motoni pamoja naye na kutoka pamoja na majivu. Lazima kiwe cha chuma kisichoshika kutu, kwa sababu alumini inayeyuka kwenye nyuzijoto 660 na isingefika mwisho wa safari. Ikiwa kampuni inakiweka kando, kimening'inizwa kwenye mlango wa tanuri, si kosa, mradi wakuambie hivyo wenyewe na waeleze kinavyohamia kwenye trei na mashine ya kusagia.

Kisha omba kwenda kuona. Si lazima usimame mbele ya moto. Wengi hawawezi, na hakuna aibu. Uliza tu kama inaruhusiwa. Kampuni zenye chumba cha kuagia na dirisha la kutazamia zipo, ingawa kuhudhuria huongeza gharama. Kampuni inayokataa kabisa mgeni asiingie siku yoyote, hata tanuri likiwa limepoa, mimi nisingeipa mnyama wangu.

Mkaguzi anaangalia moshi

Watu hujifariji kwamba lazima kuna serikali inayosimamia. Ipo. Kwa sheria za Uingereza tanuri la wanyama ni mtambo wa kuteketeza mabaki ya wanyama, nao unahitaji kibali. Kanuni zenyewe, zilizorithiwa kutoka Umoja wa Ulaya, zinataka gesi zibaki kwenye nyuzijoto 850 kwa sekunde 2, au 1,100 kwa sekunde 0.2. Ni kanuni nzuri. Zinalinda hewa, mifugo na maji.

Hazisemi chochote kuhusu majivu ni ya nani.

Na kuna suala la nani anakuchagulia. Mwaka 2013 kliniki zilizokuwa chini ya makundi makubwa Uingereza zilikuwa kama asilimia 10. Kufikia wakati mamlaka ya ushindani, CMA, inafungua uchunguzi rasmi wa soko hilo Mei 2024, zilikuwa zimekaribia asilimia 60. Uchomaji ulikuwa miongoni mwa huduma zilizoangaliwa, maana kundi linaweza kumiliki kliniki na tanuri pia. Hilo peke yake si ubaya. Lakini nesi akisema "kampuni yetu", muulize inaitwaje, iko mji gani, na kiasi gani cha bei kinakwenda kwao. Hulazimiki kuitumia. Unaweza kupiga simu kwenye tanuri lolote na kumpeleka mnyama wako mwenyewe, kwa gari lako, kwenye blanketi lake.

Una muda

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Nilikuwa nikiandika maswali ya kuulizwa katika chumba kile chenye boksi la tishu, na mtu aliye katika chumba kile hawezi kuuliza kitu.

Basi usiamue pale. Mwambie nesi: "Naomba mumhifadhi kwa jina langu, msimkabidhi dereva mpaka nipige simu." Friza ya kliniki inaweza kusubiri siku kadhaa. Akiwa mgonjwa wa muda mrefu, piga simu zako akiwa bado hai, mchana mmoja ambao yuko kwenye kochi kando yako.

Akifia nyumbani, fanya hivi. Katika saa ya kwanza au mbili, kabla hajakakamaa, mkunje miguu kama anavyolala. Akishakakamaa akiwa amenyooka hataingia kwenye boksi wala kwenye buti ya gari bila kuvunjwa, na mwili unaweza kukaa hivyo zaidi ya siku nzima. Weka taulo na plastiki chini ya nyonga, kwa sababu kibofu na utumbo vitaachia. Macho huenda yasifungike, hilo ni kawaida. Mlaze kwenye sakafu ya baridi, hita ikiwa imezimwa, na mifuko ya barafu iliyofungwa kwa kitambaa juu ya tumbo, maana tumbo ndilo linaloharibika kwanza. Hivyo unapata mpaka kesho yake. Mvue mkanda wa shingo. Shuka au blanketi la pamba huwa halina shida. Kitanda cha sponji na midoli ya plastiki matanuri mengi hayapokei.

Kwa sungura, ndege na panya wa kufugwa, sema mapema. Majivu yao ni kijiko kimoja au viwili, na upepo wa kichomeo unaweza kuyapeleka yote kwenye bomba. Wanahitaji trei iliyofunikwa na moto wa taratibu. Kampuni isiyokuwa navyo ikuambie kabla.

Neno moja kwa walioko Nairobi, Arusha au Mombasa wanaozika uani: mnyama aliyelazwa milele kwa pentobabito, dawa ya ile sindano ya mwisho, bado ana sumu mwilini. Mbwa wengine, tai na korongo wakimla baada ya kufukuliwa wanaweza kufa. Chimba shimo refu, weka mawe juu.

Siku kisanduku kinapofika

Fungua. Watu wengi hawafungui kwa miezi, na siwalaumu, lakini kama kuna kosa ni afadhali lijulikane wakati daftari la tanuri la wiki ile bado liko mezani. Ndani utakuta mfuko wa plastiki uliofungwa, na karatasi. Toa simu, tafuta ile picha ya lebo. Linganisha tarakimu za chipu moja moja, kutoka kushoto. Angalia tarehe ya cheti: isiwe ya kabla ya siku dereva alipopita kliniki.

Kisha tafuta kisahani, kama kilikuwepo. Sogeza majivu kwa ukucha kupitia plastiki mpaka ukihisi. Kama kilipita motoni hakitang'aa. Kitakuwa kimepauka, chenye rangi ya moshi, kahawia na buluu kidogo ukingoni, na namba itasomeka ukikigeuza kuelekea dirishani.